Nimepata nafasi ya kusomea gitaa Uingereza na mzee anataka kuuza kiwanja. Niende?

NyuziSita:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya watu waliopita njia hii au wanaoijua vizuri. Nyumbani tumebishana mpaka tumechoka, na tarehe ya kulipa malipo ya awali inakaribia.

Nina miaka 23, naishi Tabata. Gitaa nilianzia kwaya ya vijana kanisani. Sasa napiga ridhimu kwenye bendi ya hoteli moja huku Mbezi Beach, Ijumaa na Jumamosi. Tunapiga kopi: zilipendwa, rumba, Bongo Fleva tulizozipanga upya kwa vyombo, na nyimbo za Kizungu kwa ajili ya wageni. Nina stashahada ya TEHAMA ambayo niliisoma kuwaridhisha wazazi.

Nilituma video za usaili kwenye chuo cha muziki wa kisasa Uingereza na wamenipokea, shahada ya miaka 3, fani ya gitaa. Ufadhili hakuna. Ada peke yake inapita pauni 15,000 kwa mwaka, yaani kwa pesa yetu tunaongelea zaidi ya milioni 50 kila mwaka, sijala wala sijalala. Mzee ana kiwanja Kibaha, yuko tayari kukiuza, na baba mdogo ameahidi kuongezea. Mama hajasema neno, na ninavyomjua mama, kunyamaza kwake ni jibu.

Ninachotaka kujua ni hivi. Chuo cha namna hii kinamfanya mtu awe mpigaji bora, au kinampa karatasi tu? Na hiyo karatasi, nikirudi nayo Dar, nani ataiulizia? Nawasilisha.

Mzee wa Zilipendwa:

Kijana, Mbaraka Mwinshehe aliacha sekondari akaingia Morogoro Jazz. Hakusoma chuo chochote cha gitaa, na mwaka 1970 akapelekwa Japani kwenye maonesho ya Osaka kuiwakilisha nchi. Amefariki 1979 na mpaka leo hakuna harusi ya watu wazima itakayopita bila solo lake. Gitaa liko kwenye damu. Kiwanja kiache, pesa ya ada nunua gitaa zuri na amplifaya, ufungue bendi yako.

RidhimuKwanza:

Mzee wa Zilipendwa, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu kiwanja, ila kuhusu Mbaraka naomba nipingane nawe kwa heshima, maana hoja hii inawapoteza vijana wengi.

Mbaraka alisoma chuo. Chuo chake kilikuwa bendi. Tazama bendi za enzi zile zilivyokuwa: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, halafu Polisi, JKT, Magereza. Vyombo ni vya taasisi, wapigaji ni waajiriwa, wengi wao na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mazoezi ni asubuhi mpaka mchana, jioni dansi mpaka usiku wa manane. Kijana akiingia anaanza kwa kubeba vyombo, akipewa nafasi anashika ridhimu kwa miaka, anamsikiliza mpiga solo kila siku akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, na akikosea anaambiwa papo hapo na mtu mzima asiyemwonea haya. Akija kupewa solo, masikio yameiva. Hakuna chuo Ulaya kinachompa mwanafunzi saa nyingi za kupiga na watu kama zile.

Bendi zenye mfumo ule leo zimebaki chache mno. Kijana wa 23 anajifunza chumbani kwa simu, peke yake, halafu Ijumaa anakwenda hotelini kupiga nyimbo zilezile na watu walewale. Kwa hiyo swali la NyuziSita, kwa jinsi ninavyoliona, linahusu kitu ambacho bendi ilikuwa inakitoa bure na sasa kinauzwa. Akijua hicho ni kitu gani, atajua pia kama ni lazima akinunue kwa pauni.

Nimesoma shahada ya aina hiyo huko huko, nimerudi, napiga na nafundisha. Chuo sitakitaja kwa kuwa hakina tofauti kubwa na vingine. Nitasema nilichokiona ndani.

Vyuo hivi vya muziki wa kisasa ni vichanga ukilinganisha na vile vya muziki wa kale wa Ulaya. Musicians Institute ya Los Angeles ilianza 1977 kama shule ya gitaa tu. BIMM ya Uingereza ilianzia mji wa Brighton mwaka 2001. Berklee ya Boston ndiyo kongwe, 1945, nayo ilianza kwa ajili ya watu wa jazi. Vyote vinafanana kwa hili: vinamwandaa mtu aweze kulipwa kwa kupiga muziki wa mtu mwingine. Studio, ziara, jukwaa la tamthilia za nyimbo, kufundisha. Kwa hiyo ratiba ina usomaji wa nota, upatanifu, mafunzo ya masikio, mitindo tofauti wiki kwa wiki, kurekodi, mikataba kidogo, na somo ambalo mimi naliona ndilo chuo chenyewe: karakana ya kupiga jukwaani.

Hili la mwisho nilieleze vizuri. Jumatatu mnapewa wimbo. Alhamisi mnasimama, mpiga drams, besi, kinanda, mwimbaji na wewe, watu ambao pengine hamjawahi kupiga pamoja. Mwalimu amekaa mbele. Mnapiga mara moja, anawarekodi, halafu anawasikilizisha. Hapo ndipo mwanafunzi anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mkono wake wa kulia unamkimbia mpiga drams kila wakifika kiitikio, au kwamba anajaza kila nafasi hata pale mwimbaji anapotaka kupumua. Mwalimu anamwambia apige noti nusu ya alizopiga, warudie. Wiki ijayo wimbo mwingine, watu wengine. Ukifanya hivyo miaka mitatu unakuwa mtu mwingine kabisa, hilo nakubali bila kusita.

Ila angalia gharama ambazo barua ya chuo haikuambii.

Ukiacha ada, viza ya mwanafunzi inataka uoneshe pesa ya kuishi ya miezi 9, zaidi ya pauni 10,000 hata kama chuo kiko nje ya London, na ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo. Kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na unailipa yote kwa mkupuo kabla hujaondoka.

Na hili ndilo linalowashangaza wengi: viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakuruhusu kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya kutumbuiza. Soma tena hapo. Unakwenda kusomea gitaa na hutaruhusiwa kulipwa kwa kupiga gitaa baa, harusini au popote, isipokuwa mafunzo ya vitendo ambayo ni sehemu rasmi ya kozi. Wenzako Waingereza mwaka wa pili wanaanza kupata kazi za Jumamosi, wanajuana na mameneja, na wewe unabeba sahani mgahawani. Marekani nako mambo ni hayo hayo, mwaka wa kwanza kazi ni ndani ya chuo tu. Kwa hiyo ile hesabu ya "nitapiga hukohuko nijilipie" iondoe kabisa kichwani.

Ukimaliza kuna viza ya wahitimu, hiyo inakuruhusu kupiga na kulipwa. Ilikuwa miaka miwili, lakini kwa wanaoomba kuanzia Januari 2027 imeshushwa kuwa miezi 18. Wewe utakuwa kwenye kundi hilo.

Nikijumlisha, mzee atauza Kibaha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili atauza nini?

NyuziSita:

Mkuu RidhimuKwanza, hilo la kutumbuiza sikulijua kabisa na hakuna aliyeniambia, hata wakala aliyenisaidia fomu. Hesabu yetu nyumbani ilitegemea nipige huko wikiendi. Kesho namwonesha mzee.

Swali la nyongeza. Video zangu wamezikubali, je, hiyo haimaanishi kwamba kiwango ninacho?

RidhimuKwanza:

Inamaanisha unaweza kuanza. Vyuo hivi vinaishi kwa ada, havina sababu ya kumkataa mtu anayeweza kushika kodi (chords) na kukaa kwenye mpigo. Kipimo cha kweli ni ufadhili. Chuo kikikutaka kweli kinapunguza ada. Berklee kwa mfano ada yake inavuka dola 45,000 kwa mwaka, na wengi wetu wa Afrika waliopita pale walipita kwa pesa ya chuo baada ya usaili.

Mfano ninaoupenda ni Lionel Loueke, mpiga gitaa wa Benin. Kwao nyuzi za gitaa zilikuwa shida kiasi kwamba aliwahi kufunga waya wa breki za baiskeli. Alianza kusoma kwenye taasisi ya sanaa Ivory Coast, hapo hapo Afrika Magharibi. Kutoka hapo akaenda Paris, American School of Modern Music. Kutoka Paris akapata ufadhili wa Berklee. Mwaka 2001 akafanyiwa usaili wa Thelonious Monk Institute, chuo cha jazi Marekani, mbele ya magwiji wa jazi Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard, na Hancock akamchukua kwenye bendi yake. Tazama mpangilio: kila chuo alikiingia akiwa tayari na kitu ambacho chuo kilichotangulia kilimpa, na alipofika kwenye kile cha gharama kubwa, gharama hawakuibeba wazazi.

Mtoto wa Shangani:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nawashangaa watu wa bara, mnazungumza Uingereza na Marekani kana kwamba baina ya Dar na London hakuna kitu.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, hiki wageni wanachokiita DCMA, kipo hapa Unguja tangu 2002. Mimi nimesoma hapo gitaa na udi. Utajifunza kusoma nota, nadharia, na utapiga katika vikundi. Halafu mwalimu wa kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, atakukalisha umsikilize namna sauti moja inavyopambwa, na gitaa lako litabadilika hata kama hutaki. Wenzangu waliopita pale wameunda bendi zinazosafiri duniani, Siti and the Band ni mmoja wa mifano. Na kila Februari kuna Sauti za Busara Ngome Kongwe, wapigaji wa Afrika nzima wanapita mbele yako, unazungumza nao.

Sitaficha: chuo kimepita katika dhiki. Kimewahi kutangaza kwamba kinakaribia kufunga milango kwa kukosa wafadhili. Kwa hiyo kabla hujaamua njoo mwenyewe, panda boti ya asubuhi, kaa madarasani siku nzima, uliza mwalimu wa gitaa ni nani kwa sasa na yupo siku ngapi kwa wiki. Usitegemee mtandao wala maneno yangu.

NyuziSita:

Wa alaykum salaam kaka. Bagamoyo je? Kuna mtu kasoma TaSUBa upande wa muziki?

Mtoto wa Shangani:

Mimi sijasoma huko, lakini nawajua wengi. Chuo cha Sanaa Bagamoyo ni cha mwaka 1981, kikawa TaSUBa 2007. Uzuri wake ni wa serikali na stashahada yake inatambulika. Utachanganya ngoma, maigizo na muziki, hutashika gitaa kutwa. Kwa mtu wa jukwaani ni faida. Kwa mtu anayetaka kukaa na gitaa tu, saa hazitamtosha.

Kijana wa Eastlands:

Salamu kutoka Nairobi. Huku tuna Kenya Conservatoire, ipo tangu 1944, na watu wengi wanaitumia kwa masomo ya mtu mmoja mmoja na mitihani ya gredi za Uingereza. Tuna pia idara ya muziki Kenyatta University. Eric Wainaina alisoma Berklee na alirudi nyumbani akafanya kazi, kwa hivyo kwenda si vibaya.

Lakini nataka niseme jambo ambalo bado halijaguswa. Ukienda huko utakuta wapiga gitaa wamejaa darasani, na wote wanapiga bluzi za Marekani na roki vizuri kukuliko, kwa sababu wamelelewa nayo. Mwalimu atakuuliza: unatoka wapi, tupigie cha kwenu. Wangapi kati yetu wanaweza kukaa chini na gitaa kavu wakapiga mtindo wa Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Kongo, kidole gumba na cha shahada tu, besi na sauti ya juu zikienda pamoja? Au omutibo wa George Mukabi kutoka Magharibi ya Kenya? Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Mwenda mwaka 1952 kule Katanga, na miaka baadaye John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba (ndiyo Katanga hiyo hiyo, kwa jina la wakati ule) kwenda kujifunza kwake. Yeye alitoka Uingereza kuja kutafuta hiki. Sisi tunauza mashamba kwenda kutafuta kile.

Sisemi usiende. Nasema nenda ukiwa umebeba kitu. Wazee wa benga na wa rumba bado wapo, wengine wanafundisha kwa kuombwa tu, ukimkuta na nyuzi mpya za zawadi na heshima.

RidhimuKwanza:

Kijana wa Eastlands amegonga penyewe. Niongeze la Dar. NyuziSita, wewe ni mpiga ridhimu, je, umewahi kuuchambua wimbo mmoja wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park, gitaa kwa gitaa? Kuna solo juu, kuna solo la pili katikati linalorudia mchoro wake bila kuchoka, kuna ridhimu chini, na besi inaacha mapengo makusudi. Kila mmoja anapiga kidogo, ukiwasikiliza mmoja mmoja unaona hakuna kitu, wakiungana unapata wimbo. Chagua wimbo mmoja, jifunze sehemu zote nne, ziandike. Huo ni upangaji wa vyombo wa kiwango cha chuo, na waliopiga nyimbo zile baadhi yao wapo Dar hii hii.

Mama Wawili:

Mwanangu NyuziSita, mimi si mwanamuziki, ni mzazi. Nimesoma mawazo yote na naona yamekaa upande mmoja, niseme na la upande wa pili.

Binti yangu alisoma muziki chuo kikuu, shahada kamili. Leo anafundisha muziki shule ya kimataifa na mshahara wake unaingia kila mwezi, jioni anapiga kinanda anavyotaka. Shule ile haikumuuliza anapigaje kabla ya kuuliza ana shahada. Wapo waliokuwa wapigaji wazuri kuliko yeye, walirudishwa getini. Kwa hiyo msimwambie mtoto kwamba karatasi haina kazi. Inategemea anataka kuishi vipi akiwa na miaka 35 na watoto.

Ila la kiwanja, mwanangu, simama hapo. Kina jina la nani? Una ndugu wangapi? Baba yako akikiuza leo kwa ajili yako, siku akizeeka au akiondoka ndugu zako watakuhesabia, na gitaa litakuwa chanzo cha maneno ndani ya familia. Na mama yako anayenyamaza, kaa naye jikoni siku baba hayupo, umuulize. Usimuulize "unakubali?" Muulize "unaogopa nini?" Utapata mengi.

NyuziSita:

Shikamoo mama. Tuko wanne, mimi ni wa pili. Kiwanja kina jina la baba. Nimekuelewa na nitafanya hivyo.

Sasa wakuu, tuseme siendi mwaka huu. Nianzie wapi ili mwaka huo mmoja usipotee? Nota sijui. Kwaya yetu inatumia solfa tu.

Mwalimu wa Sauti ya Tatu:

Hapa ngoja nijibu, maana nafundisha kwaya na ninawafundisha vijana wa gitaa pia.

Kijana, usidharau solfa. Mtu aliyelelewa na d r m f s l t anasikia uhusiano wa sauti, na hilo ndilo wenzako wa Ulaya wanalipia kwenye somo la masikio. Wapigaji wa studio wanaandika kodi kwa namba ili wimbo uhamishwe ufunguo wowote bila kuandikwa upya. Sasa tazama: do ni 1, fa ni 4, so ni 5. Ukiona 1, 6 ndogo, 4, 5, wewe tayari unaisikia kichwani: do, la, fa, so. Una daraja zuri sana la kuvukia.

Kinachokupa shida ni nota za mistari mitano juu ya gitaa, na sababu iko wazi. Kwenye kinanda, kila nota ina sehemu moja. Kwenye gitaa, ile nota ya E ya uzi wa kwanza ukiwa wazi unaipata pia uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14. Sauti ni ile ile, macho yanaona nota moja, vidole vina sehemu nne au zaidi za kuchagua. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi, hata wakubwa, husoma polepole kuliko wapiga tarumbeta. Dawa yake ni kukaa sehemu moja ya gitaa kwa wiki kadhaa. Anza na freti ya 1 mpaka ya 4, nota za sehemu hiyo tu, nyimbo rahisi za tenzi. Soma kidogo kila siku na usirudie kipande kilekile mpaka ukikariri, kwa sababu ukishakariri husomi tena. Badilisha kila siku. Baadaye hamia freti ya 5 mpaka ya 8.

Na soma kwa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mpigo, polepole, bila kusimama. Ukikosea endelea. Kwenye bendi hakuna anayekusubiri.

RidhimuKwanza:

Mwalimu, ahsante, nitawapa wanafunzi wangu maelezo hayo hayo.

Ratiba yangu kwako ingekuwa hivi. Asubuhi, usomaji kama Mwalimu alivyosema. Jioni, wimbo wa kuchambua kwa masikio. Bendi ya hoteli usiiache, ila waombe wenzako mrekodi kila shoo hata kwa simu na muisikilize pamoja Jumapili. Ile karakana niliyoieleza mnaweza kuiendesha wenyewe kama kuna mtu mzima mmoja mnayemheshimu wa kuwakosoa. Mtandaoni, masomo ya gitaa ya Justin Sandercoe ni ya bure na yamepangwa vizuri kuliko madarasa mengi ya kulipia. Ukitaka kipimo kinachotambulika, zipo gredi za RSL, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, wenyewe waliozianzisha kama Rockschool mwaka 1991. Ukifika gredi ya 8 umeshajua kama unahitaji chuo au la.

Halafu omba upya ukiwa na rekodi ya nyimbo tatu: moja ya kusoma, moja ya mtindo wa kwenu, moja uliyotunga. Omba palipo na ufadhili peke yake. Ukikosa, nenda Unguja, ada yake haiuzi kiwanja cha mtu. Msimamo wangu ni huo na nimeufikiria sana, kwa sababu nimewaona vijana wanarudi na shahada nzuri na deni la ukoo, halafu wanauza gitaa lenyewe.

Mzee wa Zilipendwa:

Marahaba RidhimuKwanza. Hilo la bendi kuwa chuo limeniingia, nimekaa nikawakumbuka wale vijana waliokuwa wakibeba spika pale DDC Kariakoo na baadaye tukawaona wameshika solo. Kijana, nina rafiki aliyepiga solo la pili miaka ya themanini, yuko Magomeni, mikono bado iko vizuri. Nitafute faragha nikuunganishe naye. Mpelekee nyuzi, kama alivyosema huyo wa Nairobi.

NyuziSita:

Mzee, shikamoo na ahsante sana, nimekutumia ujumbe.

Wakuu, nimeongea na mama. Anaogopa kwamba baba atauza na baada ya mwaka nitarudi katikati, bila shahada na bila kiwanja. Baba naye ameona lile sharti la viza kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, amekubali tusilipe kwanza. Nataka kuwaandikia chuo wanihifadhie nafasi. Nawaandikiaje bila kuonekana nimekata tamaa?

RidhimuKwanza:

Ni jambo la kawaida kwao, wala hawatakufikiria vibaya. Andika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili, si kwa wakala. Sema unashukuru kwa nafasi, unaomba kuahirisha kuanza mpaka mwaka wa masomo unaofuata kwa sababu za kifedha. Kisha uliza haya. Je, nafasi itabaki bila usaili mpya? Je, ada ya mwaka ujao itakuwa ile iliyo kwenye barua yako au itapanda? Kuna ufadhili gani kwa wanafunzi wa nje, na tarehe ya mwisho ni lini? Darasa la gitaa lina wanafunzi wangapi, na saa za mwalimu kwa mwanafunzi mmoja ni ngapi kwa wiki? Hili la mwisho liulize hata kama unaona aibu, kwa sababu vyuo vingine havina kabisa somo la mtu mmoja mmoja, kila kitu ni cha kundi.

Malipo ya awali usitume mpaka wakujibu kwa maandishi kuhusu kurudishiwa, hasa ukinyimwa viza. Jibu lao likija, futa majina na namba zako ulibandike hapa tulisome pamoja kabla hujasaini chochote.